JOTO LA DUNIA NA MSHAHARA WA MFANYAKAZI

(Maneno haya yalisomwa na halmashauri ya elimu ya chama mbele ya mkutano wa wanachama. Tumeyapiga chapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu siku ile.)



Tumepewa nafasi ya kuzungumza juu ya joto la dunia, na tangu tangazo lilipobandikwa tumeulizwa na wengi: Chama ni cha mishahara na saa za kazi, basi mambo ya mvua na jua yatuhusu nini? Mvua ni ya Mungu, na jua halina tajiri wa kupelekewa barua. Swali hili ni la haki, wala hatutalikwepa. Jibu letu ni kwamba joto limekwisha kuingia ndani ya mshahara. Limeingia kimya kimya, bila mtu kutia sahihi, nalo linakata. Mchuma chai anayelipwa kwa kilo, jani lisipochipua kwa sababu ya ukame, amekatwa. Kibarua wa ujenzi anayerudishwa nyumbani kwa sababu kiwanja kimejaa maji, wala halipwi siku ile, amekatwa. Hakuna kikao kilichokaa kupatana juu ya makato hayo. Yafaa basi tujue yanatoka wapi, kwa kuwa mtu hawezi kudai haki yake katika jambo asilolielewa.

Tuanze na jambo lenyewe. Wako hapa ndugu zetu wa mashamba ya maua ya Naivasha, na wao hawahitaji mwalimu. Kila asubuhi huingia katika zile nyumba kubwa za nailoni wanazoziita grinihausi, na ifikapo saa tano jasho linawatiririka, hata kama nje kuna upepo wa baridi kutoka ziwani. Nuru ya jua hupenya nailoni, ikapasha moto udongo na mimea, na joto lile likikosa njia ya kutoka hujikusanya ndani. Wataalamu wa Ulaya walipotafuta mfano wa kueleza joto la dunia waliuchukua huo wa nyumba ya kioo. Mfano wenyewe si kamili, na tuseme kweli. Nailoni huzuia hewa ya moto isipande ikatoka, lakini juu ya dunia hakuna nailoni wala kioo. Kinachofanya kazi huko ni hewa yenyewe. Pengine mfano wa blanketi ni bora. Blanketi halina moto ndani yake. Joto ni la mwili wako mwenyewe, na kazi ya blanketi ni kulichelewesha lisitoke upesi.

Jua hutuletea nuru. Nuru hiyo hupita hewani bila kuzuiwa sana, ikafika ardhini na baharini na kuzipasha joto. Ardhi iliyopata joto nayo hulirudisha juu, lakini halirudi kama nuru ya kuonekana kwa macho. Hurudi kama joto tupu, kama lile unalolisikia usoni ukikaribia jiko hata kama makaa yamefunikwa na majivu. Sasa, hewa iliyo nyingi, yaani naitrojeni na oksijeni, haishughuliki na joto hilo, huliacha lipite. Lakini mvuke wa maji, hewa ya ukaa, gesi ya methani na nyingine chache hulinasa na kurudisha sehemu yake chini. Jambo hilo kwa asili yake ni neema. Bila ya blanketi hilo wastani wa joto la dunia ungekuwa kama digrii 18 chini ya sifuri, na badala yake ni kama digrii 15 juu ya sifuri. Hatungekuwako kabisa, wala mahindi, wala ng'ombe. Taabu ni kwamba wanadamu wamemwongezea blanketi la pili mtu aliyekuwa amelala vizuri.

Ndugu mmoja alituuliza: Hiyo hewa ya ukaa ni kiasi gani hata iwe na nguvu hivyo? Ni kidogo kweli. Chukua pipa la maji la lita 200, lile la petroli tunalotumia kwenye viwanja vya ujenzi, kisha mimina ndani yake finjani moja ya kahawa, ile ndogo ya wauza kahawa wa Mombasa. Hicho ndicho kipimo cha hewa ya ukaa katika hewa yote. Lakini jaribu kumimina finjani moja ya mafuta ya taa katika pipa hilo, halafu umwite mtu anywe. Udogo wa kitu si udogo wa kazi yake. Kabla ya viwanda vya Ulaya kuanza, kila sehemu milioni moja za hewa zilikuwa na sehemu kama 280 za hewa ya ukaa. Mwaka 1958 Mmarekani Charles David Keeling alianza kuipima juu ya mlima wa Mauna Loa, kisiwani Hawaii, akakuta sehemu 315. Vipimo hivyo vimeendelea, na mwaka 2024 zilikuwa zimepita 420. Yaani finjani imeongezwa nusu yake.

Wako watu wanaosema mambo haya ni uvumi wa juzi uliotungwa na wazungu kutuzuia tusijenge viwanda. Tunaielewa hofu yao, maana tumedanganywa mara nyingi. Lakini tarehe zinawapinga. Mfaransa Joseph Fourier aliandika mwaka 1824 kwamba hewa huihifadhia dunia joto lake. Mwaka 1856 mama mmoja wa Marekani, Eunice Foote, alijaza hewa ya ukaa katika chupa ndefu akaiweka juani, akaona inapata joto kuzidi chupa ya hewa ya kawaida na inachelewa kupoa. John Tyndall alipima jambo hilo kwa vyombo vizuri zaidi huko London tangu mwaka 1859. Na mwaka 1896, mwaka ambao reli ilikuwa inaanza kutandikwa kutoka Mombasa kwenda bara, Msweden Svante Arrhenius alikaa na kalamu akapiga hesabu ya joto litakaloongezeka hewa ya ukaa ikizidi. Yeye alidhani jambo hilo lingefaa watu wa nchi za baridi! Elimu hii basi ni ya umri wa reli yetu, na mashina yake yamezidi reli kwa umri.

Hewa hiyo inatoka wapi? Zaidi sana inatoka katika makaa ya mawe, mafuta na gesi ya ardhini. Makaa ya mawe ni misitu iliyofukiwa kwa mamilioni ya miaka, na watu wameichimba na kuichoma katika miaka mia mbili. Kukata misitu iliyo hai ni sababu nyingine. Gesi ya methani hutoka katika matumbo ya ng'ombe, katika mashamba ya mpunga, katika majaa ya takataka kama lile la Dandora, na katika visima na mabomba ya mafuta yanayovuja. Methani ni kali, lakini nyingi yake huisha hewani kwa muda wa miaka kama 12. Hewa ya ukaa haina haraka. Sehemu kubwa yake hukaa mamia ya miaka, kwa hiyo moshi wa viwanda vya Manchester vya wakati wa babu wa babu zetu bado uko juu ya vichwa vyetu leo. Deni lao lingalipo, na riba yake inalipwa na wasiokopa. Afrika nzima, yenye karibu watu 18 katika kila watu 100 wa dunia, hutoa hewa ya ukaa kama sehemu 4 katika 100 tu. Hapa Kenya umeme wetu ulio mwingi hutoka katika mvuke wa Olkaria, maji ya mito na upepo wa Turkana.

Joto limeongezeka kiasi gani? Katika miaka ya 2011 hadi 2020 dunia ilikuwa na joto lililozidi lile la miaka ya 1850 hadi 1900 kwa digrii 1.1, na mwaka 2024 peke yake ulizidi kwa digrii moja na nusu hivi. Mtu aweza kucheka na kusema digrii moja ni nini, wakati asubuhi na mchana hapa Nairobi vinatofautiana kwa digrii zaidi ya kumi. Lakini mwili wa mtu una digrii 37; ukiongezeka digrii moja na nusu analala kitandani, ukiongezeka nne anapelekwa hospitali mbio.

Tazameni mlima wetu, Kirinyaga. Wazungu walipofika kileleni mara ya kwanza mwaka 1899 ilikuwako mito ya barafu ipatayo 18. Iliyobaki sasa haifiki kumi, na ule mkubwa uitwao Lewis, tangu mwaka 1934 mpaka 2010, ulipoteza sehemu tisa katika kila kumi za ujazo wake. Wapimaji wanasema huenda barafu yote ikaisha kabla mwaka 2040 haujafika. Ni kweli kwamba upungufu wa mawingu na theluji ulianza kuila barafu hiyo zamani, na si joto peke yake. Wala mito ya Tana na Nyiro haitakauka siku barafu itakapokwisha, kwa kuwa mito hiyo hunywa zaidi mvua na misitu kuliko barafu. Tunasema hivi ili mtu asitutie hofu isiyo na msingi. Hata hivyo, mlima ambao wazee waligeuza nyuso zao kuuelekea kwa sala utabaki jiwe tupu, na wapagazi na waongozaji wa wageni wa Naro Moru wameanza kuuona hivyo.

Baharini mambo ni mabaya zaidi, na hapa tunataka kukaa kidogo, kwa sababu ndugu wa bara hawayaoni. Matumbawe, yale mawe ya baharini ambayo samaki hukaa ndani yake, si mawe. Ni viumbe hai vidogo, na ndani ya miili yao kuna vijimea visivyoonekana kwa macho ambavyo huwapikia chakula kwa nuru ya jua na kuwapa rangi zao. Maji yakizidi joto kwa digrii moja au mbili tu, muda wa wiki kadhaa, tumbawe huwafukuza wapishi wake. Hapo hubaki jeupe kama mfupa. Joto likipungua mapema, vijimea hurudi. Lisipopungua, tumbawe hufa njaa. Mwaka 1998 bahari yetu iliwaka joto namna hiyo, na kutoka Kiunga mpaka Kisite wavuvi na wapiga mbizi waliona miamba imekuwa meupe. Mahali pengi zaidi ya nusu ya matumbawe yalikufa. Yalianza kupona polepole, likaja joto jingine mwaka 2016, na mwaka 2024 wataalamu walitangaza kwamba weupe huo umeenea tena katika bahari za joto za dunia nzima. Mgonjwa anapigwa kabla hajanyanyuka.

Mwamba ukifa, huota majani ya baharini juu yake, kisha mawimbi na viumbe huuvunja polepole. Samaki wanaojificha na kula mle hawana kwao tena. Mvuvi wa Msambweni mwenye madema na ngalawa hafiki maji makuu. Riziki yake ni hapo hapo ndani ya mwamba. Atapiga kasia mbali zaidi, arudi na samaki wachache zaidi, na mama karanga anayemngoja ufukoni na karai lake la mafuta hana cha kukaanga. Zaidi ya hayo, mwamba ndio ukuta unaovunja nguvu ya mawimbi, na bahari yenyewe imepanda. Kati ya mwaka 1901 na 2018 ilipanda kama sentimita 20 kwa wastani wa dunia, kwa kuwa maji ya moto hutanuka na barafu za nchi za baridi zinayeyuka. Ukuta unabomoka huku maji yanapanda.

Watu wa Gazi, kule Kwale, wamefanya jambo moja la busara. Tangu mwaka 2013, kwa mpango wao wa Mikoko Pamoja, wanalinda hekta 117 za mikoko, na kwa kuwa mikoko huhifadhi hewa ya ukaa nyingi katika tope lake, wanalipwa na watu wa nje, na fedha zile zimeleta maji na vifaa vya shule kijijini. Twawapongeza. Ila tusidanganyike kwamba kupanda miti kutafuta makosa ya wenye visima vya mafuta. Mti huchukua miaka kukua, na tanuri halingoji.

Sasa habari za mvua. Wengine huuliza: Mnasema dunia inakauka, mbona mwaka 2024 tulizama? Yote mawili hutoka katika chungu kimoja. Kila digrii moja ya joto inayoongezeka, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa sehemu kama 7 katika 100. Hewa hiyo yenye kiu hunyonya unyevu wa udongo na majani mahali pasipo mvua, na ikifika mahali pa kunyesha, humwaga kwa pupa. Tangu vuli ya mwaka 2020 misimu mitano ilifuatana bila mvua ya kutosha katika kaskazini na mashariki ya nchi yetu, na Somalia na kusini ya Ethiopia. Hapa Kenya ng'ombe, mbuzi, kondoo na ngamia zaidi ya milioni mbili walikufa. Mwaka 2023 kundi la wataalamu wa nchi mbalimbali, wakiwamo Wakenya, lilipiga hesabu likasema kwamba ukame wa namna ile umefanywa kuwa rahisi kutokea mara 100 zaidi kwa sababu ya joto hili. Wanyama wa porini hawakuokoka pia. Kati ya Februari na Oktoba 2022 serikali ilihesabu mizoga ya tembo 205, nyumbu 512, punda milia wa kawaida 381, na punda milia 49 wa ile aina ya kaskazini yenye mistari myembamba, ambao wengi wa waliobaki duniani wako hapa kwetu. Madereva wa watalii na wapishi wa hoteli za mbugani wajua maana ya hesabu hiyo.

Halafu maji yakaja. Masika ya mwaka 2024 yaliua watu zaidi ya 250 nchini. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili, karibu na Mai Mahiu, maji yaliyokuwa yamezuiliwa na tuta la reli yalibomoa njia yakashuka juu ya watu waliolala. Nairobi walioathirika zaidi walikuwa wa Mathare na wenzao waliojenga kando ya mito, yaani sisi wenyewe, maana mshahara wetu haufiki kodi ya nyumba za mlimani. Maziwa ya Bonde la Ufa nayo, Baringo na Nakuru na Naivasha, yamekuwa yakipanda tangu kama mwaka 2010 na kumeza mashamba, shule na nyumba. Sababu zake ni mchanganyiko wa mvua zilizozidi na udongo uliovuliwa miti ukatiririkia maziwani. Pale Nakuru maji matamu yalizimua magadi, vijimea vya kuliwa na heroe vikapungua, nao heroe wakahamia kwingine. Hata nzige wa mwaka 2020 walikuwa na mkono wa bahari ndani yake. Tufani mbili za mwaka 2018 zilimwaga maji katika jangwa la Uarabuni mahali ambapo hapana mtu wa kutazama, nzige wakazaana huko, wakavuka Yemen na Somalia mpaka kwetu. Wazee walisema hawakuona nzige wengi hivyo kwa miaka 70.

Basi turudi kazini.

Mwili wa mfanyakazi hujipoza kwa jasho. Jasho likikauka, huondoa joto. Lakini mahali penye unyevu mwingi, kama Mombasa mwezi wa Machi, jasho halikauki, linatiririka bure. Mtu akiendelea kubeba magunia au kumimina zege katika hali ile, moyo hupiga mbio, kichwa kinauma, macho yanaona giza, na akilazimishwa aendelee anaweza kuanguka na kufa. Hata asipoanguka, figo zake huweza kuharibika polepole mwaka baada ya mwaka. Mama zetu wa mashamba wana taabu ya ziada ambayo wasimamizi wanaume hawaitaji: vyoo viko mbali, na kila dakika ya kwenda ni majani ambayo hayakuchumwa, kwa hiyo hukaa bila kunywa maji tangu asubuhi. Mtu wa namna hiyo juani ni mgonjwa anayengoja siku yake.

Shirika la Kazi Duniani lilitoa hesabu mwaka 2019: ifikapo 2030, kila saa 100 za kazi duniani zitapotea saa mbili na zaidi kidogo kwa sababu ya joto, sawa na kazi za watu milioni 80 za kutwa nzima. Zaidi ya nusu ya hasara hiyo itakuwa mashambani. Mwaka 2024 shirika hilo hilo lilisema kwamba wafanyakazi zaidi ya bilioni 2.4 hupatwa na joto lililozidi kila mwaka, na watu karibu 19,000 hufa kwa ajali za kazini zitokanazo nalo. Hesabu hizi zimetolewa na shirika ambalo ndani yake serikali, waajiri na vyama hukaa pamoja, kwa hiyo tajiri asituambie tumezitunga.

Swali lililobaki ni moja: saa hizo zinazopotea, nani atazilipa? Ukame ukipunguza jani la chai Kericho, kampuni huweza kupata nafuu bei ikipanda sokoni, kwa sababu Kenya ndiyo muuzaji mkubwa wa chai nyeusi duniani. Mchumaji hana nafuu hiyo. Yeye ana kilo zake za siku, zikiwa chache analipwa chache, na duka la unga halikupunguza bei. Mwaka 2000 mabwawa ya Tana yalipopungua maji kwa ukame, umeme uligawanywa kwa saa, mashine zikasimama, na vibarua wengi wakaambiwa wangoje nyumbani. Waliongoja wajua walikula nini.

Wako ndugu zetu waliokwenda Uarabuni kutafuta kazi. Huko Qatar, tangu mwaka 2021, ni marufuku kufanya kazi ya nje juani kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa na nusu alasiri, toka tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba. Hatusemi kwamba Qatar ni peponi, na wanaorudi wanatueleza mengine. Lakini nchi ambayo mfanyakazi mgeni haruhusiwi hata kuunda chama imeandika saa katika sheria. Sisi tuna vyama, tuna Katiba ya mwaka 2010 inayotaja haki ya mazingira safi na haki ya kazi yenye masharti mema, na mapatano mengi tunayotia sahihi hayana neno moja juu ya joto. Ukiyasoma utadhani yaliandikwa kwa ajili ya watu wanaofanya kazi ndani ya sanduku la barafu.

Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inasema mahali penye watu 20 au zaidi pawe na halmashauri ya usalama yenye wajumbe wa wafanyakazi. Inasema maji safi ya kunywa yawepo. Inasema pia kwamba mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu amwarifu msimamizi wake, na asirudishwe mahali pale hatari ikiwa bado ipo. Joto la kuangusha watu ni hatari, hata kama halina meno ya mashine. Tusingoje sheria mpya itaje digrii. Katika mapatano yajayo twataka tuandike maji na kivuli karibu na watu wanapofanyia kazi, si ofisini kwa karani. Mapumziko mafupi ya kulipwa saa za jua kali. Ruhusa ya kuanza kazi alfajiri na kumaliza mapema bila kupunguziwa saa. Vyoo vya karibu. Na zaidi ya yote, kima cha chini cha malipo ya siku kwa anayelipwa kwa kilo au kwa kipande, siku ambayo jua au mafuriko ndiyo yaliyomzuia. Tajiri atasema mvua si kosa lake. Tutamjibu kwamba si kosa la mchumaji pia, na kati ya hao wawili mmoja ana akiba benki.

Yako pia mambo yanayozidi nguvu za kampuni moja. Mapatano ya Paris ya mwaka 2015 yalitaja kwamba nchi zikiacha makaa na mafuta, wafanyakazi wa kazi hizo watendewe haki, na neno hilo liliingia kwa sababu vyama vya wafanyakazi vya dunia vililipigania kwa miaka. Lina maana kwetu. Lamu ilitaka kujengewa kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe. Vijana wengi waliahidiwa kazi, na wavuvi wakahofia bahari yao. Mwaka 2019 mahakama ya mazingira ilifuta kibali kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Sisi tuliona uamuzi ule ulikuwa wa haki. Lakini kijana aliyeambiwa kazi ya makaa haipo tena anastahili kuambiwa ipo ipi, na mpaka leo jibu alilopewa ni dogo. Na ule mfuko wa fedha za hasara, uliokubaliwa huko Misri mwaka 2022 ili nchi zilizoumizwa zilipwe, ahadi zake bado ni haba mno kwa taabu iliyopo. Serikali yetu inapokwenda kuudai, chama kiulize mapema: fedha zikija, zitamfikia mchunga ngamia wa Marsabit na kibarua wa Mathare kwa njia gani?

Tumalizie kwa kazi iliyo mbele yetu. Kila tawi litapewa daftari moja. Siku yo yote ambayo kazi ilisimama au kupungua kwa sababu ya jua, ukame, mafuriko au umeme uliokatika kwa ukosefu wa maji, mwakilishi aandike tarehe, saa, idadi ya watu, na kama walilipwa au hawakulipwa. Aliyeanguka kwa joto aandikwe siku hiyo hiyo, pamoja na jina la kazi aliyokuwa akiifanya, na kama maji ya kunywa yalikuwako. Wachuma chai waandike kilo za kila siku za mwezi wa Januari na Februari, ili tuzilinganishe na kilo za miezi ya mvua. Msiandike makadirio, tajiri ana mawakili, nao watatafuta ukurasa mmoja ulioandikwa ovyo waukatae wote. Makatibu walete madaftari hayo kabla ya kikao cha kutayarisha madai ya mapatano mapya.

Daftari ziko mezani kwa mweka hazina. Wenye maswali wabaki. Mama mmoja wa mashamba ya maua ameomba kusema kwanza.